Mikono Iliyoacha Kusuka Yenyewe

(Hotuba kwa wanafunzi wa tiba ya viungo na familia za wagonjwa wa Parkinson, Tanga)

Walimu wangu, wanafunzi, ndugu mliowasindikiza wagonjwa wenu, na ninyi wagonjwa wenyewe ambao ndio wenye shughuli hii: shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu hamjambo. Mlipoingia mmeona mistari ya chaki sakafuni pale mlangoni. Naomba wanaokwenda kunywa maji waipite kwa pembeni wasije wakaifuta. Tutaihitaji.

Nianze na bibi yangu, mzaa mama. Alikuwa msukaji wa mikeka. Tangu nilipopata akili nilimkuta barazani, mguu mmoja kaunyoosha, miyaa imeloweshwa kwenye beseni ubavuni mwake, na ukili unatoka vidoleni kama uzi unaovutwa kutoka kwenye kibonge. Hakuwa akiutazama. Macho yalikuwa njiani, na mdomo ulikuwa na habari za mtaa mzima. Siku moja, nikiwa na miaka minane hivi, nilimwuliza: "Bibi, sasa hivi unapitisha mwaa upi, wa juu au wa chini?" Alisimama, akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine, kisha akasema, "Usiniulize mjukuu wangu, utanipotezea." Ilibidi afumue kidogo ndipo aanze upya.

Miaka ikapita, bibi akavuka sitini, ukili ukaanza kuharibika. Mkono wa kulia ndio uliotangulia kuwa mzito. Lakini sikilizeni hapa, maana ndipo lilipo somo la leo. Akinyamaza, akaiinamia kazi, akahesabu kwa sauti ya chini kila mwaa unaopita juu na kila unaopita chini, ukili ulitoka. Ulitoka polepole, lakini ulitoka safi. Mgeni akipiga hodi, bibi akiitika tu "karibu," vidole vilisimama. Mama yangu ndiye aliyeona kabla yetu: "Bibi yenu siku hizi hawezi kusuka na kuzungumza."

Zahanati ya kwanza tuliyompeleka walisema ni uzee, wakampa vidonge vya maumivu. Majirani wakasema amechezewa. Na sisi wa nyumbani, jambo ambalo linaniuma mpaka leo, tulimwambia, "Bibi, jikaze."

Nimesoma elimu ya ubongo miaka mingi baada ya hapo, nikajua kwamba ule ulikuwa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaouharibu mwendo, na nimekuja kuwaambia kwa nini neno lile lilikuwa kosa. Bibi alikuwa akijikaza kuliko sisi sote pale uani. Kilichomtoka ni kile kinachomwezesha mtu kutembea, kuvaa na kusuka pasipo kujikaza.

Jambo lolote unaloweza kulifanya, ubongo unaweza kulipitisha kwa njia mojawapo kati ya mbili. Kuna njia ya kukusudia: unajua unataka nini, unapima, unachagua, unatenda. Na kuna njia ya mazoea: unaona dalili, mkono unakwenda. Umebadilisha namba ya siri ya simu yako jana usiku. Leo asubuhi kidole kinaandika ya zamani. Hujasahau namba mpya, ukiulizwa unaitaja. Ila kidole hakikukuuliza.

Kuna wataalamu waliopata namna ya kuzitenganisha njia hizi mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale Cambridge, Uingereza, Christopher Adams na Anthony Dickinson waliwafundisha panya kubonyeza kijiti ili wapate kidonge cha sukari. Panya wakaijua kazi. Kisha kijiti kikaondolewa, panya wakapewa vile vidonge na kuchomwa dawa ya kuwachafua tumbo, hadi wakavichukia kabisa. Ukiwawekea mbele, hawavigusi. Sasa kijiti kikarudishwa. Je, watabonyeza? Panya waliokuwa wamelipwa mara 100 tu walipunguza sana kubonyeza. Walijua kijiti kile kinaleta kitu wasichokitaka tena. Panya waliokuwa wamelipwa mara 500 waliendelea kubonyeza vilevile, kutafuta kitu ambacho wangekitema.

Nawaomba wanafunzi mlishike jaribio hili, kwa sababu ndilo kipimo chetu cha kujua tendo gani ni la kusudi na lipi ni la mazoea. Usiangalie tendo lilivyo kwa nje. Kwa nje panya wote wanabonyeza. Lifanye lile linalotafutwa liwe halina thamani tena, kisha utazame kama tendo linapungua. Likipungua, ni kusudi. Likiendelea, ni mazoea.

Baadaye ikajulikana kwamba njia hizi mbili zina makazi tofauti. Chini ya gamba la ubongo kuna viini vinavyoitwa basali ganglia, na mlango wake wa kuingilia unaitwa striatamu. Mwaka 2004 Henry Yin, Barbara Knowlton na Bernard Balleine waliiharibu sehemu ya pembeni ya striatamu ya panya, kisha wakawafundisha kazi kwa muda mrefu wa kutosha kujenga mazoea. Mazoea hayakuja. Panya wale walibaki watu wa kusudi, niseme hivyo, mpaka mwisho. Sehemu ya ndani zaidi, upande wa katikati, ikiharibiwa, hutokea kinyume: kila kitu kinakuwa mazoea mapema mno. Kwa binadamu, ile ya kati inalingana na kaudeti, na ile ya pembeni inalingana na putameni. Jina hili la putameni tutalirudia.

Sasa dopamini, kemikali ambayo baadhi ya seli za neva huitumia kupelekeana habari. Ubongo wa mtu una seli za neva karibu bilioni 86. Zinazotengeneza dopamini hazifiki milioni moja. Wingi wa zile zinazohudumia mwendo wetu zimekaa katika ubongo wa kati, kwenye kipande kinachoitwa sabstansia nigra, yaani "kitu cheusi" kwa Kilatini. Ukiukata ubongo wa marehemu ambaye hakuwa na Parkinson, unauona mstari mweusi kama wanja. Kwa aliyekuwa nao ugonjwa huo, wanja umefutika. Nimeuona kwa macho yangu mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, na siku ile sikula chakula cha mchana. Nilikuwa namfikiria bibi.

Najua wengi wenu mmesikia mitandaoni kwamba dopamini ni kemikali ya raha. Kijana anakwambia anafunga dopamini wiki nzima, kwa maana ya kuacha simu na soda. Kuacha simu ni jambo jema na namsifu, lakini dopamini haifungwi, na mwenye kuipoteza kweli hayuko katika mfungo. Yuko kitandani anashindwa kugeuka.

Wazo hilo lina historia yake. Mwaka 1954, pale McGill, Montreal, James Olds na Peter Milner waliweka waya mwembamba ndani ya ubongo wa panya, na panya akawa anabonyeza kijiti tena na tena ili apate mshtuko mdogo wa umeme. Watu wakasema: wamekipata kituo cha raha. Miaka mingi baadaye Kent Berridge wa Michigan akaangalia nyuso za panya. Panya akionja kitamu hulamba midomo, kama mtoto mchanga anavyofanya. Panya walioondolewa karibu dopamini yao yote waliendelea kulamba midomo vilevile wakiwekewa sukari mdomoni. Utamu waliuona. Kilichokufa ni hamu ya kuuendea. Wangekufa njaa chakula kikiwa mbele yao.

Basi dopamini inafanya nini? Jibu lilitoka Fribourg, Uswisi, katika maabara ya Wolfram Schultz, aliyekuwa akisikiliza seli za dopamini za nyani, seli mojamoja. Nyani anapewa tone la juisi bila kutegemea: seli inalipuka, ta-ta-ta. Kisha taa inawekwa iwe inawaka kabla ya juisi. Baada ya kurudiarudia, nyani ameshaielewa taa, seli inalipuka taa inapowaka, na juisi yenyewe ikifika seli imetulia. Juisi ni ileile na nyani anainywa kwa furaha ileile, lakini seli haina habari mpya ya kutoa. Na siku taa ikiwaka kisha juisi isije, seli inanyamaza kabisa, sekunde ileile ambayo juisi ilipaswa kufika. Mwaka 1997 Schultz, pamoja na Peter Dayan na Read Montague, waliandika hesabu yake: dopamini inatangaza tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata. Kimezidi, inapanda. Kimepungua, inashuka. Kimelingana, imetulia.

Tangazo hilo linakwenda kufanya kazi kwenye striatamu. Zile njia za neva zilizotoka kupitika punde, dopamini inapozimwagikia, zinaimarika. Fikirini uwanja wa shule wenye majani. Mtu mmoja akikatiza, hakuna alama. Wakikatiza kila siku, majani yanakufa, njia inakuwa nyeupe, na baada ya hapo hata mgeni anaifuata bila kuuliza. Ndivyo mikono ya bibi ilivyojifunza ukili akiwa msichana. Kila safu iliyokaa sawa iliimarisha njia, mpaka ikafika siku ambayo yeye mwenyewe hakuhitajika tena. Akawa huru kutazama njiani na kutupa habari.

Nisisitize kitu kimoja kabla sijaendelea. Dopamini haiishii kufundisha. Hata zoea lililokwisha kujengeka huweza kuharibika ikikosekana, kama tutakavyoona kwa mgonjwa wa Parkinson, na zoea jipya bila hiyo halijengeki. Mwaka 2005 watafiti wa Ufaransa waliondoa dopamini inayofika katika striatamu ya pembeni ya panya, bila kuiharibu striatamu yenyewe. Panya walijifunza kubonyeza kijiti, lakini hata baada ya mazoezi marefu waliendelea kuwa wa kusudi. Chakula kilipochafuliwa, waliacha.

Sasa rudini barazani kwa bibi.

Ugonjwa wa Parkinson unaua seli za ule wanja, na hauui kwa usawa. Mwaka 1988 Oleh Hornykiewicz na wenzake walipima dopamini kwenye ubongo wa marehemu, wakaona upungufu mkubwa kuliko wote uko kwenye putameni, hasa sehemu yake ya nyuma. Kaudeti imepungukiwa pia, lakini imebakiwa na kitu. Peter Redgrave wa Sheffield na wenzake walilisema wazi mwaka 2010: mgonjwa wa Parkinson amepoteza kwanza kabisa upande wa mazoea, na analazimika kuishi kwa upande wa kusudi.

Hebu jaribuni kuishi hivyo hata robo saa. Kesho asubuhi, ukifunga vifungo vya shati, jiamrishe kila kitu: kidole gumba njoo, shika kitambaa, elekeza kifungo, sukuma, pokea kwa upande wa pili. Ukitembea, inua mguu wa kulia, upeleke mbele, weka kisigino, hamisha uzito. Na mikono nayo usisahau kuibembeza. Na uso nao uutabasamishe, maana hata tabasamu la kumjibu jirani lilikuwa zoea. Mtu akikusalimia katikati ya hatua, umeporwa ile akili uliyokuwa ukitembelea. Ndiyo maana bibi alisimama kusuka aliposema "karibu." Njia ya kusudi ni moja na ni nyembamba, haipitishi vitu viwili kwa pamoja. Ukimwambia mtu huyu "jikaze," unamwambia aongeze kile kitu kimoja ambacho tayari anakitumia chote.

Familia mliopo, naomba mlichukue hili mwende nalo nyumbani leo hii. Mgonjwa akiwa anatembea kuvuka chumba, nyamazeni. Mwacheni afike, akae, ndipo mumwulize atakunywa chai ya rangi au ya maziwa. Mkitaka kuzungumza naye njiani, simameni wote wawili kwanza.

Habari ya dawa niipite haraka, ingawa ni kisa kizuri. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa iitwayo reserpini, wakalala masikio chini, hawajiwezi. Akawachoma dopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, na baada ya muda mfupi wakasimama. Mwaka 1960 Hornykiewicz, akiwa Vienna, alionyesha kwamba ubongo wa wagonjwa wa Parkinson umeishiwa dopamini kwenye striatamu, na mwaka uliofuata yeye na Walther Birkmayer wakawachoma wagonjwa levodopa, yaani ile dopa iliyofanywa dawa. Watu waliokuwa hawawezi kuketi wakaketi. Mwaka 2000 Carlsson alikuwa mmoja wa watatu waliopata tuzo ya Nobel ya tiba. Mpaka leo levodopa ndiyo dawa kuu, na inamezwa nusu saa hivi kabla ya chakula, kwa sababu maharage na nyama hushindana nayo utumboni kuingia mwilini. Hili la chakula wauguzi mlisisitize. Nimeona watu wakimeza dawa pamoja na wali maharage, kisha wanasema imeacha kufanya kazi.

Na mmoja wenu atauliza juu ya upupu, maana huulizwa kila mahali. Ni kweli, mbegu za upupu zina levodopa, ileile iliyo ndani ya kidonge, na matabibu wa India wamezitumia tangu zamani. Lakini mbegu haijaandikwa miligramu. Moja ina nyingi, nyingine ina kidogo, na mgonjwa anaweza kutapika au shinikizo la damu likashuka akaanguka. Usimpikie mzee wako upupu kwa kusikia.

Kuna upande mwingine wa dawa, na huu sitaupita haraka, kwa sababu una aibu ndani yake na aibu huwafanya watu wanyamaze. Mbali na levodopa kuna kundi la dawa zinazojifanya dopamini, kama pramipeksoli. Putameni imekauka, inahitaji maji mengi. Lakini zile sehemu za chini za striatamu, zinazohusika na hamu na zawadi, ugonjwa haukuzikausha kiasi hicho. Kipimo kinachotosha shamba kavu kinafurika shamba lenye maji. Mwaka 2010 Daniel Weintraub na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 3,090 wa Marekani na Kanada. Miongoni mwa waliokuwa wakitumia dawa za kundi hili, asilimia 17.1 walikuwa na tatizo la kushindwa kujizuia: kamari, manunuzi, ulaji, au tamaa ya mwili. Kwa wasiozitumia ilikuwa asilimia 6.9. Wazee watu wazima, wengine hawajawahi kucheza hata bahati nasibu, wanajikuta usiku wa manane wanacheza kamari fedha ya kiinua mgongo. Daktari akipunguza dawa, wengi hurudi kama walivyokuwa.

Vijana wetu hapa Tanzania karatasi ya kubeti wanaiita mkeka, na ukikosea mechi moja wanasema mkeka umechanika. Kila nikilisikia neno hilo nashtuka. Kubeti kumetengenezwa ili kusitabirike. Juisi ya Schultz ilipotabirika, seli ilitulia. Ushindi wa kubeti hautabiriki kamwe, basi seli haipati nafasi ya kutulia. Inafundisha, inafundisha, na njia inakuwa nyeupe, hadi kijana anafungua simu asubuhi na kubeti hata timu asizozijua, kama yule panya wa mara 500. Kumwambia "jikaze" naye hakutoshi. Mwondolee dalili: simu ilale chumba kingine, fedha ishikwe na mama au dada, njia ya kurudi nyumbani isipite kibandani.

Basi kwa mgonjwa wa Parkinson tunafanya nini zaidi ya dawa? Tunampa dalili kutoka nje. Zoea linatoka ndani lenyewe, na hilo limekatika. Lakini tendo linaloongozwa na jicho au sikio linapita njia nyingine, na njia hiyo mara nyingi ingali hai. Daktari wa Uingereza, James Purdon Martin, alieleza mwaka 1967 jinsi wagonjwa walioganda, yaani miguu imegoma kutoka sakafuni, walivyoweza kutembea wakiwekewa mistari sakafuni. Mistari ipite mbele ya miguu kama vipandio vya ngazi, kila mmoja hatua moja kutoka kwa mwenzake. Ukiichora kwa urefu, kama reli, haisaidii. Mdundo nao unasaidia: makofi, au kuhesabu. Bibi yangu alipokuwa akihesabu miyaa yake kwa sauti ya chini alikuwa amejigundulia tiba hii mwenyewe, na sisi tukadhani akili inaanza kumtoka.

Nimebakiwa na jambo moja la kulidai. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 160,000, na mwaka 2008 wakachapisha walichokiona. Walipata wagonjwa 33 wa Parkinson. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Watu hao walikuwa na majirani, watoto, zahanati. Naamini kila mmoja wao aliambiwa ajikaze. Wanafunzi, ninyi ndio mtakaopelekwa kwenye zahanati hizo. Mzee akiletwa kwako kwa sababu "amekuwa mvivu," mtazame akitembea, kisha mwulize swali akiwa bado anatembea. Akisimama ili akujibu, usimwandikie dawa ya maumivu ukamrudisha nyumbani. Mwandikie rufaa.

Mzee wetu aliyekaa mstari wa mbele, mwenye kofia nyeupe, amekubali kutusaidia. Asubuhi mlimwona: alifika mlangoni, miguu ikaganda kwenye kizingiti, wajukuu wawili wakambeba. Sasa tutamwomba atoke kwa mlango uleule na kurudi, akiitazama chaki. Naomba ukumbi wote tunyamaze mpaka akae tena. Mzee, shikamoo. Hatuna haraka. Mstari wa kwanza ni huo hapo mbele yako.